Mradi wa maji wa kijiji: namna ya kuuendesha usife pampu ya kwanza inapoungua

Simu ninazopigiwa na kamati za maji za mwambao huu wa Tanga, kuanzia Mkinga hadi Pangani, karibu zote huanza hivi: "Fundi, pampu imeungua na kwenye akaunti hamna kitu." Nikifika nakuta kisima kizima, tenki zima, bomba zima, na kina mama wamerudi kwenye vidimbwi. Maji yameuzwa miaka minne mfululizo. Mara nyingi hakuna aliyeiba. Kilichokosekana ni mtu wa kukaa chini na kulinganisha maji yaliyovutwa, maji yaliyouzwa na fedha iliyoingia.

Mwongozo huu ni wa kazi hiyo. Unawahusu wenye kisima kirefu kimoja, pampu ya umeme au sola, tenki moja na vioski kama kumi. Wenzetu wa milimani, Lushoto na Amani, wenye maji ya mserereko, waache habari za pampu na chumvi. Mengine yote yanawahusu.

## Vitu vya kuwa navyo kwanza

Msianze na nusu ya vitu hivi mkitarajia vingine vitakuja. Anayekosa dira, yaani mita ya maji, hana cha kulinganisha.

- Dira kuu moja kwenye bomba linalotoka kisimani, na dira moja kwa kila kioski.
- Waya wa nyuzi mbili mrefu kuliko kina cha kisima, uliotiwa alama kila mita, na testa ya fundi umeme, ile ya betri yenye mshale au namba, si ya bisibisi. Ncha mbili zilizo wazi zikigusa maji, testa inaonyesha. Hicho ndicho kipimo chenu cha kina.
- Kipima klorini cha kulinganisha rangi, pamoja na vidonge vyake vya DPD, vinavyogeuza maji kuwa ya waridi palipo na klorini.
- Kipima chumvi cha mkononi.
- Klorini ya unga, mizani ndogo ya jikoni, ndoo mbili za plastiki zenye mifuniko, mwiko wa mbao, glavu za mpira, miwani na barakoa.
- Spana, msumeno wa chuma, na viunganishi vya kila kipenyo cha bomba mlicho nacho, viwili viwili.
- Kaunta buku tatu na kalamu za wino. Penseli hapana.
- Akaunti mbili za benki: moja ya matumizi, moja ya akiba.

Kwa upande wa karatasi, hakikisheni chombo chenu cha watoa huduma ya maji ngazi ya jamii, yaani CBWSO, kimesajiliwa chini ya Sheria Na. 5 ya 2019, na RUWASA wilayani, yaani Wakala wa Maji na Usafi wa Mazingira Vijijini, wanakitambua. Kibali cha kutumia maji kwa huku Tanga kinatoka Bodi ya Maji ya Bonde la Pangani. Ndugu zetu wa Bagamoyo wako chini ya Bonde la Wami/Ruvu.

## Hatua ya 1: Zihakiki dira, zitieni namba koki

Chukueni ndoo ya lita 20 na jagi la lita moja. Jazeni ndoo kwa jagi, jagi baada ya jagi, hadi 20, kisha choreni mstari pale maji yalipofika. Ndoo nyingi za dukani zikijaa hadi ukingoni zinazidi lita 20, kwa hiyo msiamini jina lake.

Nendeni kila kioski. Someni dira, choteni ndoo kumi hadi kwenye mstari, someni tena. Dira iwe imesogea uniti 0.200, yaani lita 200. Ikisogea 0.170, inawaibia lita 15 katika kila 100 bila mtu kujua. Sehemu zetu zenye mawe ya chokaa, ule ukoko mweupe unaouona ndani ya birika unaganda pia ndani ya dira na kuichelewesha. Mchanga nao ni vilevile.

Mkimaliza, tieni namba ya rangi kila koki ya njia na kila chemba, mchore ramani hata kama ni ya mkono. Kila mwezi fungeni na fungueni kila koki mara moja. Koki isiyoguswa mwaka mzima huganda, na mtagundua hivyo usiku bomba likiwa limepasuka.

Mmefanikiwa ikiwa: mtu ambaye si fundi anaweza kuambiwa kwa simu "funga namba 4" na akafunga namba 4.

## Hatua ya 2: Daftari la kisima, kila asubuhi kabla ya kuwasha

Mambo matano, mstari mmoja, kila siku: dira kuu, saa ambazo pampu ilifanya kazi jana, kina cha maji kisimani, ampea zinazosomeka kwenye boksi la kuwashia, na kiwango cha chumvi. Ampea na chumvi zinasomwa pampu ikiwa imewaka kwa kama dakika 15. Kina kinapimwa kabla, maji yakiwa yamelala usiku kucha.

Gawanyeni uniti za jana kwa saa za jana. Hiyo namba ndiyo mapigo ya moyo ya pampu. Kama ilikuwa uniti 6 kwa saa na wiki hii imekuwa 5, kuna kitu. Angalieni kina: maji yakiwa yameshuka, kisima ndicho kilichochoka, si pampu. Kina kikiwa palepale, zimeni pampu na tegeni sikio mdomoni mwa kisima. Mkisikia maji yanamwagika humo ndani, bomba la kupandishia limetoboka. Msiposikia kitu, pampu yenyewe imeanza kulika, na mna muda wa kupanga ununuzi kabla haijafa.

Ampea zikipanda juu ya zile zilizoandikwa kwenye kibati cha mota, zimeni siku hiyohiyo. Msisubiri kesho kwa sababu leo kuna harusi.

### Chumvi: sisi wa pwani tuisome kwa makini

Chini ya mwambao wetu maji baridi yameelea juu ya maji ya bahari, kwa sababu maji ya bahari ni mazito zaidi. Kanuni yake ni hii: kwa kila mita 1 ambayo maji baridi yamesimama juu ya usawa wa bahari, kuna takriban mita 40 za maji baridi chini ya usawa huo kabla ya kukuta chumvi. Sasa geuzeni hesabu. Mkishusha maji ya kisima kwa mita moja na kuyaacha hapo muda mrefu, chumvi kule chini inaelekea kupanda mita 40.

Ndiyo maana kisima kinaweza kuwa kitamu miaka mitatu kikageuka kwa kiangazi kimoja. Ulimi hautawaambia mapema, maana unazoea kidogo kidogo. Kipima chumvi kinawaambia miezi kabla. Msibishane kuhusu namba kamili ya kila siku, tazameni mwelekeo. Ikipanda wiki hadi wiki, vuteni polepole kwa saa nyingi badala ya kwa kasi kwa saa chache, na mkipumzishe kisima usiku.

Tahadhari: maji yakipungua au kugeuka, atatokea mtu wa kushauri mchimbe chini zaidi. Karibu na bahari, kwenda chini zaidi ni kuifuata chumvi. Msikubali kabla mtaalamu wa Bodi ya Bonde hajapima.

Mmefanikiwa ikiwa: mnaweza kufungua ukurasa wa mwezi wowote na kusema pampu ilikuwa inatoa uniti ngapi kwa saa.

## Hatua ya 3: Klorini, kwa mizani si kwa kijiko

"Maji yetu ni ya kisima kirefu, ni safi." Nimelisikia hilo kila kijiji. Aliyeingia Mapango ya Amboni ameona maji yanavyoweza kulila jiwe la chokaa hadi mtu akatembea ndani yake. Ardhi ya namna hiyo, na ya matumbawe, ina nyufa. Kinachomwagwa chooni kinaweza kusafiri ndani yake bila kuchujwa na mchanga wowote. Na hata maji yakitoka kisimani safi, bomba lililotoboka hunyonya matope kila linapokauka.

Hesabu yake ni nyepesi. Lita za maji, mara dozi kwa miligramu, gawanya kwa 1,000: hizo ni gramu za klorini halisi. Unga mwingi unaouzwa una klorini asilimia 65, someni kwenye ndoo yake. Kwa hiyo gawanya tena kwa 0.65.

Mfano: mnajaza lita 30,000 na mnaanza na dozi ya miligramu 1 kwa lita. 30,000 × 1 ÷ 1,000 = gramu 30. Gawanya kwa 0.65, mnapata gramu 46 za unga.

1. Vaeni glavu, miwani na barakoa. Simameni upande unaotoka upepo.
2. Jazeni ndoo ya plastiki maji kwanza. Kisha mimineni unga kwenye maji, kidogo kidogo, mkikoroga kwa mwiko wa mbao. Kamwe msimwage maji juu ya unga, hutoa joto na kuruka.
3. Funikeni, acheni masimbi yatuame. Mimineni maji ya juu tu kwenye ndoo ya pili.
4. Mwageni hayo tenkini wakati tenki linaanza kujaa, ili yachanganyike yenyewe.
5. Baada ya kujaa subirini angalau dakika 30 kabla ya kufungua koki ya kutokea.
6. Pimeni. Kwenye tenki tafuteni kama miligramu 0.5 kwa lita. Kioski cha mwisho kabisa kisipungue 0.2. Isipofika, ongezeni dozi kidogo kesho, mpime tena.

Tahadhari kubwa: unga wa klorini usikae chumba kimoja na dizeli, oili au petroli. Ukigusana na mafuta huweza kuwaka wenyewe. Nyumba nyingi za pampu ndizo stoo ya kila kitu, na nimewahi kukuta ndoo ya klorini imefunguliwa, imewekwa juu ya dumu la dizeli la jenereta, na mlinzi amelala pembeni yake. Tulitoka nje wote wawili kabla sijamsalimia. Wekeni klorini chumba kingine, pakavu, pasipo jua.

Watu wakilalamika harufu, pimeni kabla ya kupunguza. Ikiwa kati ya 0.2 na 0.5, waelezeni na waonyesheni ile rangi ya waridi kwenye kipima. Mama akishaona kwa macho yake, anawaeleza wengine kuliko tangazo lolote la msikitini.

Mmefanikiwa ikiwa: kioski cha mwisho kinasoma 0.2 au zaidi kila wiki. Kikisoma sifuri ghafla na dozi haijabadilika, uchafu umeingia njiani. Nendeni Hatua ya 5.

## Hatua ya 4: Pokeeni fedha kwa dira

Uniti moja ni lita 1,000, na lita 1,000 ni ndoo 50. Shikeni hapo.

Kila jioni mhudumu wa kioski na mhasibu wanasoma dira pamoja na wote wanatia saini. Mfano: jana 412.6, leo 415.2. Tofauti ni uniti 2.6, sawa na ndoo 130. Kwa shilingi 50 ndoo, ni shilingi 6,500. Kama mhudumu analipwa asilimia 20, anabaki na 1,300 na kukabidhi 5,200. Mapunguzo ya kumwagika yawekwe wazi tangu mwanzo, mimi huruhusu asilimia 5, ili asilipie maji ya kusuuzia ndoo.

Utaratibu huu unamlinda mhudumu kuliko mtu yeyote. Bila dira kila upungufu ni "wewe umekula". Kwa dira, maneno yanakwisha.

Fedha ilale benki au kwenye malipo ya simu ya chombo, si nyumbani kwa mwenyekiti, hata akiwa mcha Mungu kiasi gani. Wazee wasiojiweza wapewe tiketi na kamati, na mhudumu arudishe tiketi kama fedha. Ukimwachia mhudumu aamue nani achote bure, umemgombanisha na ukoo wake.

## Hatua ya 5: Usiku wa kutafuta maji yaliyopotea

Mwisho wa mwezi jumlisheni dira zote za vioski, mlinganishe na dira kuu. Tuseme dira kuu inasema uniti 900 na vioski vinasema 720. Uniti 180 zimepotea, asilimia 20. Sasa zitafuteni.

Saa nne usiku fungeni vioski vyote, zimeni pampu, na pimeni maji tenkini kwa ufito kutoka juu. Saa kumi alfajiri pimeni tena. Tenki la duara lenye upana wa mita 4, kila sentimita inayoshuka ni takriban lita 125. Likishuka sentimita 12, lita 1,500 zimeondoka kwa saa sita, yaani 250 kwa saa. Zidisheni: lita 6,000 kwa siku, uniti 180 kwa mwezi. Mmeipata hasara yenu yote ndani ya usiku mmoja, bila kuchimba shimo hata moja. Kama tenki halikushuka, hasara iko kwenye dira mbovu au kwenye mtu aliyejiunganishia kabla ya dira.

Usiku wa pili rudieni, ila kila saa fungeni njia moja. Ile ambayo ikifungwa maji yanaacha kushuka ndiyo yenye tundu. Hapo ndipo zile namba za Hatua ya 1 zinapolipa.

Kisha tembeeni juu ya njia hiyo mchana wa kiangazi. Mara moja, mwezi wa pili, jua kali, nyasi zote zimekuwa kahawia, tulipita uani kwa bibi mmoja tukakuta tuta la mchicha linang'aa.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba wanangu."

"Mchicha huu unaumwagilia saa ngapi?"

"Huu? Haumwagiliwi huu. Unaota wenyewe tu tangu masika."

Tulichimba goti moja tukakuta kiungio kinatoa maji kama uzi. Bibi tulimwomba radhi kwa mchicha. Tangu siku hiyo, kabla ya kushika sururu, nawauliza kwanza wenye bustani.

Mkikata bomba kulitengeneza, zibeni ncha zote mbili wakati wa kazi. Mkimaliza fungulieni maji yatoke nje hadi yawe angavu, na pandisheni dozi ya klorini kwa siku moja au mbili huku mkipima kioski kinachofuata.

Mmefanikiwa ikiwa: ufito wa saa nne na wa saa kumi umelowa mahali pamoja.

## Hatua ya 6: Bei, na kosa linaloua miradi

Hapa ndipo karibu kila kamati inaanguka, kwa hiyo twende taratibu. Andikeni gharama zote za mwezi, pamoja na zile ambazo hazijatokea bado. Hizi ni namba za mfano, wekeni zenu:

- Umeme: 640,000
- Malipo ya fundi na mhasibu: 500,000
- Klorini na vidonge vya kupimia: 60,000
- Matengenezo madogo: 150,000
- Usafiri, simu na shajala: 100,000
- Akiba ya pampu (pampu na mota ya 6,000,000 kwa miezi 60): 100,000
- Akiba ya mabomba na tenki: 150,000

Jumla ni 1,700,000.

Kamati nyingi huchukua jumla hiyo na kuigawa kwa maji yaliyovutwa. 1,700,000 kwa uniti 900 ni kama 1,889 kwa uniti, karibu 38 kwa ndoo. Mkiongeza sehemu ya mhudumu, 47. Basi wanasema: "Tuuze 50, tena faida inabaki." Mkutano unapiga makofi.

Lakini hamuuzi uniti 900. Mnauza 720, ambazo ni ndoo 36,000. Kwa 50 mnapata 1,800,000, mhudumu anachukua 360,000, mnabaki na 1,440,000. Pungufu ni 260,000 kila mwezi.

Tazameni tena orodha. Akiba mbili kwa pamoja ni 250,000. Upungufu umezimeza zote na kung'ata kidogo kwenye matengenezo. Umeme unalipwa, fundi analipwa, maji yanatoka, hakuna anayeona shida. Baada ya miezi 48 pampu inaungua, na zile 4,800,000 za akiba yake hazikuwahi kuwepo.

Gaweni kwa maji yaliyouzwa, kisha ongezeni sehemu ya mhudumu. Bei halisi inakuwa kama 59. Sarafu ndogo inayotembea mtaani ni ya 50, kwa hiyo watu watakimbilia kusema tupandishe hadi 100. Ngojeni kwanza. Rudini Hatua ya 5, zibeni matundu hadi upotevu uwe asilimia 5. Sasa mnauza uniti 855, kama wanunuzi wapo, na kwa kiangazi chetu foleni zinaonyesha wapo. Ndoo 42,750 kwa 50 ni 2,137,500. Toeni asilimia 20, inabaki 1,710,000. Gharama zote zimelipwa, akiba imewekwa, na bibi bado ananunua ndoo kwa 50.

Kwa hiyo kabla ya kuitisha mkutano wa kupandisha bei, fanyeni usiku mmoja wa ufito. Bei mtakayofikia ipelekeni RUWASA wilayani pamoja na hesabu yake kabla ya kuanza kutoza.

Tahadhari: msiige bei ya kijiji jirani. Kina chao si chenu, na umeme wao unaweza kuwa wa jua.

## Hatua ya 7: Ifungeni akiba, muibandike hesabu

Akiba ihamishwe kwenye akaunti yake tarehe ileile kila mwezi, kabla ya posho yoyote. Watia saini wawe watatu, angalau mmoja mwanamke anayechota maji hapo kijijini. Itoke kwa muhtasari wa mkutano tu, na kwa pampu, mota, bomba au tenki tu. Siku ya msiba mkubwa mtaombwa muikopeshe. Changeni kutoka mifukoni, lakini hiyo isiguswe.

Kila tarehe 5 bandikeni karatasi kwenye kila kioski, yenye mistari mitano:

Maji yaliyovutwa: uniti ____
Maji yaliyouzwa: uniti ____
Yaliyopotea: asilimia ____
Fedha iliyoingia na iliyotumika: ____ / ____
Akiba ya pampu hadi leo: ____

Andikeni kwa makapeni, herufi kubwa, ibandikwe usawa wa macho ya mtu aliyesimama kwenye foleni. Chini waacheni nafasi tupu, na kalamu ining'inizwe kwa uzi, ili anayechota aandike swali lake.